Masharubu ya Bibi

Mausi ya kompyuta ya mama ilikuwa inahama. Kila asubuhi mama akifuta vumbi anaiweka kulia kwa kibodi, kila nikikaa mimi naivuta kushoto. Hatukuwahi kugombana kwa hilo. Ilikuwa inasafiri tu, kulia, kushoto, kama wale wanaovuka mpaka wa Tunduma kwenda Nakonde, Zambia, asubuhi na kurudi jioni wakilalamika bei. Mimi ni mashoto. Wateja waliochungulia nyuma ya kaunta walinionea huruma, kana kwamba mkono wa kulia ulikuwa umekatika na nimeuficha mezani.

Duka lilikuwa la stationari: fotokopi, kuchapa barua, kulamineti vyeti, na picha za pasipoti. Lilitazamana na barabara ya kwenda mpakani, kwa hiyo tulikuwa na foleni ya malori mlangoni na vumbi la malori ndani ya printa. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Juni, na likizo kwangu ilikuwa kubadilisha sare tu. Asubuhi hadi jioni nilikaa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi nikikata nyuso za watu. Unamsimamisha mtu mbele ya shuka la bluu, unamwambia asicheke, anacheka. Unarudia. Unamkata mabega, unampunguzia mng'aro wa paji la uso, unamzidisha mara nane kwenye karatasi moja, halafu anakwambia huyu si yeye.

Mwanzoni nilijiburudisha. Dereva mmoja wa Zambia, aliyekuwa akimsalimu mama yangu kwa Kibemba, "Mulishani, ba mayo," kila wiki, nilimwongezea sikio la tatu nikamwonyesha kwenye skrini. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikavimba kichwa. Mchungaji aliyefuata nikampa meno ya sungura. Huyo hakukaa chini. Mama alimpiga picha nyingine bure, na jioni akaniambia, "Wewe utakuja kuchekesha siku ambayo hakuna wa kucheka." Kufikia wiki ya pili hata utani wenyewe ulikuwa umenichosha. Ukikata nyuso siku nzima unagundua watu wana uso mmoja tu, uso wa mtu anayesubiri kitu.

Alhamisi moja akaingia babu.

Babu ni baba yake mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi Mbebe, kule milimani Ileje. Kiswahili chake kimenyooka kama rula, isipokuwa akikasirika Kindali cha kwao kinaingia kwenye sauti na maneno yanaanza kupanda na kushuka. Alikuwa amevaa koti lake la siku zote, na kwenye mfuko wa kifuani ilichungulia kalamu nyekundu, ingawa alikuwa hana daftari la kusahihisha tangu alipostaafu.

"Shikamoo baba," mama alisema, akiacha mashine ya fotokopi ikitema karatasi peke yake.

"Marahaba."

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umefaulu?"

"Matokeo bado, babu."

"Sikuuliza matokeo."

Akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka faili la kahawia magotini, akalishika kwa mikono miwili. Nilijua kilichomleta. Mama alikuwa amenieleza tangu Jumapili: Jumamosi ile ukoo ulikuwa unakwenda kulijengea kaburi la bibi. Bibi alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, simkumbuki hata harufu. Miaka yote hiyo kaburi lake lilikuwa tuta la udongo na msalaba wa mti uliokwisha kuinama. Sasa matofali yalikuwa yamechomwa, saruji imepatikana, na fundi alikuwa ameshapewa mchoro. Upande wa kichwani panaachwa kitundu cha mraba, picha ya marehemu inakaa humo nyuma ya kioo. Makaburi mapya ya kwetu yote yana uso siku hizi. Ukipita njia ya makaburini unatazamwa.

"Fundi anasema," babu alianza, akiongea na faili, "kama picha haipo Jumamosi asubuhi, ataliziba tundu kwa zege. Hawezi kuacha tundu tupu, nyoka watakaa."

"Picha si ipo, baba?" mama alisema.

"Ipo."

Akafungua faili. Akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa ile picha, na mimi nikaanza kuchunguza kibodi kama nimeiona leo.

Ilikuwa picha ya rangi, ndogo, kona moja imeliwa. Bibi amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, kilemba kichwani, mikono mapajani. Mpiga picha wa kutembea alipita Mbebe mara moja, akampiga mara moja, na bibi hakupigwa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa picha yake pekee duniani. Na juu ya uso wake, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu, palikuwa na masharubu mazito, miwani, na pembe mbili za mbuzi.

Nilivichora mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikwenda Mbebe Krismasi, mvua ikatufungia ndani, watu wazima wakawa kanisani. Kwenye chumba cha babu kulikuwa na sanduku la mbao, ndani yake ile picha, na juu ya sanduku koti, na ndani ya koti kalamu. Nilianza na masharubu. Nilichora mstari mmoja, nikaona unapendeza, nikaujaza kwa vimistari vingi vya haraka, upande huu na upande ule, mpaka yakawa masharubu ya afande. Nikacheka peke yangu chumbani mpaka tumbo likauma. Miwani na pembe vilikuja vyenyewe.

Aliyeadhibiwa ni binamu yangu. Huyu ni mtoto wa mjomba, na alikuwa darasa la sita, akilelewa na babu kwa ajili ya shule, baba yake akilima huko bondeni Galula. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba madaftari ya babu kutoka shuleni na kumpangia kalamu mezani. Hakuna mtoto mwingine aliyeruhusiwa kugusa kalamu nyekundu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi. Alisema "si mimi" mara tatu, kisha akanyamaza. Nilikuwa nimesimama mlangoni nakula kiazi. Nilikimaliza.

Fimbo hazikumuuma sana, nadhani. Kilichomuuma ni babu kumnyang'anya ile kazi. "Hutagusa tena kalamu katika nyumba hii," babu alimwambia mbele yetu wote, na Kindali kilikuwa kimejaa kwenye sauti. Kabla shule hazijafunguliwa binamu alimfuata baba yake Galula. Darasa la saba alilimaliza huko, kwa kulipitia tu kama mtu anayepita kwenye boma la watu. Halafu akaenda Saza kwenye dhahabu, na mpaka siku ile babu anakaa kwenye benchi letu, alikuwa anashuka mashimoni kila siku na taa kichwani.

Mimi nilikuwa nachekesha watu Tunduma.

"Mama yako anasema una mashine inayofuta," babu aliniambia.

"Huyu?" mama akadakia. "Baba, huyu anafuta chunusi mpaka mtu anasahau alikuwa nazo."

"Ngumu, babu," nilisema. "Wino ukishaingia kwenye karatasi..."

"Ngumu, au huwezi?"

"Ngumu."

"Gari la Ileje linaondoka saa tisa," babu alisema. "Fanya kitu kigumu mpaka saa nane na nusu."

Nikaiweka kwenye skana. Taa ikapita chini ya uso wa bibi polepole, na pembe zake zikapanda kwenye skrini, kubwa kuliko nilivyozikumbuka.

Nilianza kwa njia ninayoijua, ile ya chunusi. Unachukua kipande cha ngozi safi unakibandika juu ya palipochafuka. Kwa chunusi inafaa. Kwa masharubu yaliyofunika mdomo mzima, unachukua ngozi ya wapi? Baada ya nusu saa bibi alikuwa hana masharubu na pia hana mdomo. Alionekana kama ukuta uliopigwa plasta na mlevi. Babu alisimama nyuma yangu, akatazama, akarudi kwenye benchi. Nikafuta kazi yote nikaanza upya. Akaingia mama mmoja na watoto watatu wa picha za shule, nikawapiga. Akaingia mtu wa fotokopi. Umeme ukapepesa macho, nikahifadhi kazi haraka. Mgongo uliniuma, macho yaliniwasha, na kila nikirudi kwenye skrini afande mwenye pembe ananisubiri.

Nilitamani nimwambie babu haiwezekani. Ingekuwa rahisi kweli. Tundu lizibwe, bibi awe zege, na ile picha irudi kwenye bahasha na kisa chake.

Kilichonizuia sijui kama ni wema. Nadhani ni kiburi cha fundi. Nilikumbuka kitu nilichokigundua nikicheza, siku niliyokuwa namgeuza rafiki yangu awe mzimu. Kwenye ile programu ya picha kuna mahali panaonyesha chaneli. Picha ya rangi unayoiona ni moja, lakini ndani yake zimelaliana tatu: nyekundu, kijani, bluu. Ukizima mbili ukabakiza moja, unapata picha ya kijivu, isiyo na rangi, inayokuonyesha tu kile ambacho rangi hiyo moja imekiona. Rafiki yangu alikuwa na fulana nyekundu ya timu. Kwenye chaneli nyekundu fulana ikawa nyeupe pee, kama kanzu. Tulicheka sana. Hatukujiuliza kwa nini.

Sasa nikajiuliza. Kwa chaneli nyekundu, chekundu ni mwanga mtupu. Haikioni kama doa. Basi wino mwekundu nao?

Nikabofya nyekundu.

Masharubu yalitoweka. Sikuyafuta, hayakuwepo tu. Miwani haikuwepo. Pembe hazikuwepo, pamebaki kilemba na anga la kijivu. Na katikati, mtu. Mdomo umefungwa, kidevu kimeinuliwa kidogo, jicho moja dogo kuliko jingine kama la mama yangu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona. Utotoni sikumtazama, nilimwona kama nafasi ya kuchorea. Alikuwa ananiangalia kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze.

"Babu," nilisema.

Alikuja. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Akakaa hivyo, ameinama, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti changu kibovu, na kiti kikawa kinatetemeka, na sikujua ni yeye au ni malori.

"Kilemba kilikuwa cha kijani," alisema mwishoni.

"Rangi imeondoka babu. Chaneli moja haina rangi. Ila naweza kukipaka."

"Usimpake. Amepakwa vya kutosha."

Nilicheka kwa pua, kicheko kifupi, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikaacha.

Nikamweleza nilivyofanya. Nilijisikia, nisidanganye. Si kila siku unamfundisha mwalimu. Nikamwambia ziko tatu, kila moja inaona vyake, na nyekundu ndiyo haioni wino wa kalamu yake. Alisikiliza kwa namna anavyosikiliza, kichwa upande mmoja, na nilipomaliza akauliza swali ambalo ningeuliza mimi kama ningekuwa mwanafunzi mzuri.

"Na hizo mbili zinaona nini?"

"Hazina maana, babu. Uchafu tu."

"Nionyeshe uchafu."

"Muda, babu, saa nane hii..."

"Nionyeshe."

Nikabofya kijani.

Kwa kijani mambo yanageuka. Chekundu kinakuwa cheusi. Kwenye picha yenyewe wino ulikuwa umezama kwenye ngozi ya bibi, wekundu juu ya kahawia, unaona masharubu lakini huoni yalivyochorwa. Hapa kila mstari ulisimama peke yake, mweusi, safi, kama umeandikwa ubaoni. Uliweza kuona kalamu ilipoanza, ilipokaza, ilipoteleza kwa kicheko.

"Kuza hapo," babu alisema. Nikakuza. Masharubu yakajaza skrini.

Babu alitoa kalamu nyekundu mfukoni. Mgongoni mwa bahasha akachora, kwa mkono wake wa kulia, masharubu, ya upande mmoja tu, akayajaza kwa vimistari vya haraka kama nilivyojaza mimi. Akainua bahasha karibu na skrini. Vimistari vyake vilikuwa vimelala kuelekea mlangoni. Vya kwenye skrini vilikuwa vimelala kuelekea ukutani. Vyote. Hakuna hata kimoja kilichokosea.

Alisahihisha madaftari maisha yake yote ya kazi. Anajua mkono wa mtu kabla ya kusoma jina. Na kama kuna mkono aliokuwa anaujua, ni huo: nilipoanza darasa la kwanza, mwalimu wangu alinifunga wa kushoto kwa kitambaa ili nijifunze wa kulia, na babu alitoka Mbebe mpaka Tunduma kwa ajili ya hilo tu. Alisimama mlangoni mwa darasa akasema, "Mfungue. Mkono ni wake." Kwenye ukoo wetu mashoto ni mmoja.

Hakunitazama usoni. Alitazama mausi. Ilikuwa upande wa kushoto wa kibodi, na mkono wangu juu yake.

Mama alikuwa anakata karatasi upande wa pili, akiongea na mteja juu ya barafu iliyounguza migomba Ileje. Mkasi ulikuwa unasema kra, kra.

Babu akakaa kwenye benchi, taratibu, kwa vipande.

"Nilimchapa ngapi?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa mtoto, ni zamani. "Saba," nilisema.

"Ulikuwepo."

"Mlangoni."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama vile anakubaliana na hesabu iliyoandikwa ubaoni na mtu mwingine. Sijawahi kumwona amechoka hivyo. Wala hakuonekana na hasira, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa nimeshaikazia makalio. Kumbe alikuwa anajihesabia yeye.

"Malizia hiyo ya kaburi," alisema. "Kisha chapa na hii."

"Ipi?"

"Yenye masharubu. Hivyo hivyo ilivyo, nyeusi."

"Ya nini, babu?"

"Nimemwita aje asimamie zege. Kule Saza wamemfundisha saruji. Utampa mwenyewe, mkononi." Akasimama, akajifunga vifungo vya koti. "Kwa mkono wa kushoto."

"Babu, kumpa mtu kitu kwa kushoto..."

"Najua. Na yeye anajua."

Nilirudi kwenye chaneli nyekundu kumaliza. Wino ulikuwa hauonekani, lakini kalamu ilikuwa imekandamiza karatasi, na taa ya skana ilikuwa imenasa yale mabonde, vivuli vyembamba kama nywele. Nikayafukia moja moja. Yale ya pembe, yale ya miwani. Nilikuwa nimebakiza moja kwenye kona ya mdomo umeme ulipokatika, na kile kibetri cha chini ya meza kikaanza kulia pii, pii. Kinabeba kompyuta na printa kwa dakika chache tu. Nikachapa kama ilivyo. Bibi akatoka, halafu afande akatoka, kisha kimya.

"Vipi?" mama aliuliza, akija na mkasi wake. Akaona picha ya bibi, akaweka mkasi chini. "Mbona kama anataka kucheka?"

"Amejitahidi," babu alijibu, kama anavyoandika mwisho wa ripoti. Akaweka bibi kwenye faili. Bahasha yenye afande akaniachia mimi.

Ijumaa mama na mimi tukapanda gari la Ileje. Pale Mpemba ukiiacha lami, vumbi linakaa na wewe kiti kimoja. Sikuchekesha mtu. Mama alinigusa paji la uso mara mbili kuona kama nina homa.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Ukoo ulikuwa umekusanyika kaburini, kina mama na masufuria ya chai, wanaume na majembe. Binamu alikuwa ameshafika baada ya kulala njiani, amevaa mabuti ya mpira na sweta lililotoboka viwiko. Nilimkumbuka mwembamba. Sasa alikuwa na mabega ya mtu mzima na macho mekundu ya vumbi la mawe. Alikuwa anachanganya zege na kuwaamrisha baba zake wadogo na hata fundi, na walikuwa wanatii.

"Dogo wa mjini," aliniita. "Umekuja kuchekesha zege lisigande?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na bahasha ndani ya koti tangu alfajiri, imeshapata joto. Nikamwendea, nikaitoa, nikamnyooshea kwa kushoto.

"We mtoto!" mama mdogo alipaza sauti toka kwenye masufuria. "Ndiyo mkono gani huo? Mbele ya kaburi la bibi yako!"

Binamu alitazama ule mkono kwanza. Uso wake ukakaza. Mtu akikupa kitu hivyo hadharani amekutukana. Akamtazama babu. Babu alikuwa amesimama upande wa kichwani, faili kwapani, na hakuwa anatazama pengine. Binamu akafuta kiganja kwenye suruali, akapokea, akafungua.

Alikaa nayo muda mrefu. Nikawaza maneno niliyoyapanga njia nzima kutoka Mpemba, na yote yalikuwa ya mjanja mmoja nisiyempenda.

"Ulikuwa unakula kiazi," alisema.

"Ndiyo."

"Mlangoni."

"Ndiyo, kaka."

Akaikunja mara nne, masharubu ndani, akaitia ndani ya buti. "Zege linakauka," alisema. "Leta maji."

Kijito kiko chini, bondeni, na njia ni ya mbuzi. Nilipanda na ndoo na kushuka na ndoo mpaka mchana. Watoto wengine walipokezana, mimi hakuna aliyenipokea na sikuomba. Viganja vilichubuka. Kila nikifika juu kaburi lilikuwa limeongezeka: kuta, kifuniko, msalaba. Safari mojawapo nikakuta babu ametoa picha kwenye faili, na binamu anaipanga nyuma ya kioo kwa ncha ya mwiko, ananyoosha, anarudi nyuma kutazama, ananyoosha tena. Bibi akakaa sawa, wa kijivu, na ule mstari wangu mmoja kwenye kona ya mdomo.

Mwisho huandikwa jina, zege likiwa bado bichi, kwa msumari. Kwetu kazi hiyo ni ya babu. Makaburi yote ya pale yana mwandiko wake, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Alishika msumari, akainama, halafu akainuka. Akamnyooshea binamu.

"Andika wewe."

"Mimi?" Binamu alitazama mikono yake. "Babu, mwandiko wangu umeshakufa. Utaharibu kaburi la watu."

"Andika. Nilikosea mimi."

Alisema hivyo mbele ya wote, kwa Kiswahili kilichonyooka, hakuna Kindali hata tone. Mama mdogo akasimama na kikombe mkononi. Wengi hawakujua kakosea nini, na hakuna aliyeuliza.

Binamu akapiga magoti. Aliandika polepole sana, ulimi nje kidogo, kama mtoto wa darasa la sita. Herufi zake zilikuwa kubwa, nyingine zimeinama, na alipofika mwisho wa jina nafasi ilikuwa imembana akalazimika kuzisonga. Babu alisimama juu yake na hakusahihisha kitu.

Alipomaliza, binamu akabaki hivyo hivyo amepiga magoti, akanitazama mimi kupitia begani.

"Dogo," alisema. "Nimwekee na pembe?"

Babu akacheka kwanza, kicheko kikavu cha kifuani, kisha mama, ambaye hakuelewa ila alimwona baba yake anacheka. Mimi, mchekeshaji wa ukoo, nilitafuta changu nikakikosa. Ndoo ilikuwa tupu. Nikaichukua nikashuka tena kijitoni, ingawa zege lilikuwa limeshakwisha na hakuna aliyeniagiza maji.